Vidole vya Wiki Tisa

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu huanza ukurasa zikiwa zimesimama, zikifika chini zimelala, na tahajia nimeikosea mahali pengi ambapo hata mimi mwenyewe sipaoni. Nilisoma hadi darasa la saba. Tangu nitoke shuleni sijaandika kitu cha maana ila barua mbili, na zote mbili mtazisikia humu. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini nikiulizwa jambo mbele za watu ulimi wangu hushikwa, kwa hiyo ni afadhali niandike polepole kuliko kungoja siku ya kusema.

Nataka kueleza habari ya chakula cha msaada kilicholetwa kanisani kwetu Kawangware mwaka ule wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano, na jinsi kilivyotupotea. Ninaeleza kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Chakula kile kililetwa kwa ajili yake na wengine kama yeye.

Tulikuwa tunaishi watatu, mama, mimi na yeye, katika chumba kimoja cha mbao na mabati, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili upande unaoelekea Riruta. Baba alikuwa fundi wa kujenga. Kazi za ujenzi zilipolala alirudi nyumbani, magharibi, kutazama shamba. Aliandika mara mbili, kisha akanyamaza. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba kubwa za ng'ambo ya bonde, kule kwenye miti mingi. Alitoka alfajiri kwa miguu, na asipofika kwa saa iliyotakiwa alikuta mwanamke mwingine ameshika beseni lake.

Mwaka ule mvua ya masika haikuja. Unga ulikuwa wa kupangia foleni, na foleni ikifika dukani unga umekwisha. Yale mahindi ya njano yalipoletwa kutoka nchi za nje, watu waliyacheka. Walisema ni ya kuku, na kwamba ugali wake unafanana na kiini cha yai. Waliocheka waliyala. Mdogo wangu alikuwa ameachishwa ziwa mapema kwa sababu ya kazi ya mama, akawa wa uji mwepesi na chai ya rangi. Kwanza aliacha kucheka. Kisha nywele zake zikawa nyekundu na laini kama zile za hindi bichi, na miguu ikavimba, hata jirani mmoja akamsifu: "Kijana wenu ananenepa, mnampa nini?" Lakini ukimbonyeza mguu, shimo la kidole lilibaki pale pale.

Mimi ndiye niliyempeleka kliniki, maana mama hangeweza kukosa kibarua. Sista wa pale alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Alimvika ile suruali ya kitambaa, akamning'iniza kwenye mizani, akaweka nukta katika kadi yake. Nukta ilianguka chini kabisa ya mistari yote.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Hapana, sista. Ni mdogo wangu."

"Basi peleka maneno haya nyumbani. Huyu mtoto hana malaria. Hajarogwa. Ana njaa, na dawa ya njaa si sindano. Anataka maziwa, maharagwe, mafuta. Miezi mitatu, kila wiki, bila kukosa. Mkikosa mtarudi hapa mlipoanzia, na akirudi hapa mara ya pili mwili hautakuwa na kitu cha kushikilia. Umesikia, ama unaangalia viatu vyangu?"

Nilikuwa naangalia viatu vyake. Akaniandikia karatasi ya kupeleka kanisani.

Chakula kilitolewa kila Jumatano kutoka stoo ya mawe nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wa kamati ya chakula alikuwa mwenye ploti yetu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenyeji wa pale tangu Kawangware ikiwa mashamba, mwenye ploti tatu na duka moja, na pikapu ya kijani aliyoitoa bure kubeba magunia kutoka bohari mjini. Watu walimheshimu, na mimi pia nilimheshimu. Alikuwa na karani kijana aliyepokea mizigo, na kila mfuko uliposhushwa karani aliuchora mistari miwili kwa kalamu ya buluu, ndipo uingie stoo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mama wa mtoto anaitwa, anatoa karatasi ya kliniki, anabonyeza dole gumba kwenye sponji ya wino, anaweka alama katika kitabu kikubwa mbele ya jina lake, chini ya wiki ile. Halafu ndipo anapimiwa maziwa ya unga, maharagwe, mahindi na mafuta. Ilikuwa lazima aje mama mwenyewe, kwa kuwa kidole ni chake.

Nisiwe mwongo. Wiki tatu za kwanza tulipata chote. Na ndani ya wiki hizo tatu mdogo wangu alirudi. Sina neno jingine. Uvimbe ulishuka, uso ukapata mifupa yake. Alijifunza kuiba maziwa makavu kwa kulowesha kidole mdomoni na kukichovya kwenye mfuko, na alipokamatwa alicheka na meno yake manne yakiwa meupe kwa unga. Siku moja alisimama akishika ukingo wa kitanda, akauachilia, akapiga hatua mbili kuja kwangu. Nilipompeleka kliniki, nukta ilikuwa imepanda. Sista alisema, "Eh, huyu anajua kula kazi ya watu," na hiyo ilikuwa sifa.

Lakini Jumatano ilikuwa inawamaliza akina mama. Karani alifika saa nne, wakati mwingine saa sita, na foleni iliisha alasiri. Mwanamke wa kibarua alipoteza siku nzima, na akipoteza siku anaweza kupoteza kazi. Wiki ya tatu mama alirudi kutoka ng'ambo ya bonde akiwa ameonywa: Jumatano nyingine akikosa, asirudi Alhamisi.

Jioni hiyo, wanawake walipokuwa mferejini wakingoja maji, mama alileta wazo. Wengi wetu tulikuwa watu wa magharibi, na akina mama walikuwa na chama chao cha kusaidiana. Katika chama hicho, mwenye kibarua cha mbali aliweka kidole chake mapema, hata kwa mwezi mzima, ili kikao kisimngoje. Hakuna aliyewahi kudhulumiwa kwa hilo. Ulikuwa ni uungwana tu wa watu wanaojuana.

"Kwa nini na huku tusifanye hivyo?" mama alisema. "Tuweke vidole mara moja vya wiki zote zilizobaki. Jumatano mtoto yeyote anaenda na karatasi, anapimiwa, anarudi."

"Hiyo ni akili," alisema mwanamke wa chumba cha saba, aliyekuwa akiuza mandazi na hakuna aliyemshinda kwa mdomo. "Mimi nimechoka kusimama kama mlingoti wa simu. Juzi mbwa karibu anikojolee."

"Nani atamwambia mzee?"

Hakuna aliyetaka kwenda kumsemesha mwenye ploti. Ndipo mwanamke wa mandazi akanielekezea sufuria yake. "Si kuna huyu msomi? Hasemi, lakini ameenda shule. Aandike."

Niliandika kwenye karatasi ya daftari langu la darasa la saba, nikaifuta mara tatu. Niliandika kwamba sisi akina mama wa vibarua tunamwomba mheshimiwa mwenyekiti aturuhusu tuweke vidole mara moja kwa wiki tisa zilizobaki, ili kazi iwe nyepesi kwake na kwetu. Mwishoni niliongeza neno moja ambalo hakuna aliyeniambia niliandike. Niliona barua inaisha ghafla, kama mtu aliyeondoka bila kuaga, nikaandika: Tunakuamini.

Mwenyekiti aliisoma pale mbele ya stoo, kwa sauti, akatabasamu. "Nani ameandika hii? Wewe? Karani wangu haandiki hivi." Akaikunja na kuitia ndani ya kitabu. Siku hiyo nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu mtihani wa darasa la saba. Wanawake thelathini hivi walipita mmoja mmoja, kila mmoja akabonyeza kidole mara tisa katika mstari wake. Walichekeana.

"Hata mume wangu sijamwekea kidole mara tisa!"

"Wako angeuliza kimoja kimepotelea wapi!"

Walirudi kazini na wino kwenye madole gumba, na mama alisugua wake kwa jivu ili asichafue nguo za watu.

Jumatano iliyofuata nilikwenda mimi. Nilipata nusu ya maziwa, mafuta hakuna. Karani alisema mengine yako njiani. Jumatano ya pili alisema gari limeharibika. Ya tatu mlango wa stoo ulikuwa na kufuli, na watoto waliotumwa na mama zao tulikaa chini ya dirisha tukiwa na mifuko yetu mitupu hadi jua likatuhamisha. Tukarudi. Kama wangekuwa mama wenyewe pale, pengine wangepiga kelele. Sisi watoto tulirudi tu.

Nyuma ya nyumba ya mwenye ploti, mkewe alikuwa ameanika mifuko mitupu juu ya ua, imefuliwa vizuri, kwa kushonea shuka. Nilijua mifuko iliyofunguliwa mbele yetu haikuzidi minane. Pale uani niliacha kuihesabu ilipopita ishirini.

Mdogo wangu aliacha kutembea kabla hajakuwa mtembeaji. Alikaa ukutani na mikono mapajani kama mzee. Uvimbe ulianzia miguuni kama mwanzo, lakini safari hii ulipanda upesi. Wiki ya nne tangu tuweke vidole, mama aliniambia nimbebe nimpeleke Kibera, Silanga, kwa senje, yaani dada ya baba, aliyekuwa akiuza mboga na makaa karibu na bwawa. "Mwambie ni damu ya ndugu yake," mama alisema. "Asiponisaidia mimi, atamsaidia yeye."

Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikapita Riruta, nikashika barabara ya Ngong, nikavuka reli, nikateremka hadi nikaona maji ya bwawa na mashamba madogo ya mboga za sukuma kandokando. Nilimsikia senje kabla sijamwona.

"Maziwa ya ng'ambo! Chai nyeupe bila ng'ombe! Kijiko kimoja tu kikombe kinaoga!"

Alikuwa amekaa kati ya lundo la makaa na lundo la sukuma, na mbele yake beseni la maziwa ya unga limefunikwa neti. Aliponiona aliruka. "Woi, mtoto wa ndugu yangu! Na huyo mgongoni ni nani, mbona mzito hivyo? Keti, keti. Usikalie makaa."

Kabla sijajibu alikuja mwanamume wa kibanda cha chai, aproni yake imekauka kwa mafuta. "Mama, niwekee mfuko mzima. Wateja wanadhani nimenunua ng'ombe."

"Ng'ombe wako ni mimi," senje alisema. "Na leo sijakamuliwa bure."

Akacheka, akavuta mfuko kutoka nyuma yake. Ulikuwa umepinduliwa, upande wa maandishi umeingizwa ndani. Lakini pale chini, kwenye mshono, pindo lilikuwa limerudi nje, na juu ya pindo nikaona mistari miwili ya kalamu ya buluu.

Mwanamume alipoondoka na mfuko begani, nilisema, "Senje, maziwa haya yanatoka wapi?"

"Yanatoka kwenye gari. Pikapu inakuja Jumatatu asubuhi, kijana anashusha, nalipa, anaenda."

"Pikapu ya kijani?"

Akanitazama. "Kwa nini?"

"Ni ya kanisani kwetu. Maziwa haya ni ya watoto wa kliniki." Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwake. "Ni ya huyu."

Senje alinisaidia kumshusha mtoto, akaona miguu yake. Akaibonyeza, akaona shimo lilivyobaki. Kisha alichukua kikombe, akachanganya maziwa kwa maji ya moto kutoka kwa jirani, akamshika mwenyewe na kumnywesha kidogo kidogo. Mdogo wangu alikunywa akiwa amefumba macho.

"Mimi nimeyalipia," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Haya makaa yametoka msitu wa serikali. Hii sukuma imenyweshwa maji ya bwawa, na unajua kinachoingia humo. Nikianza kuuliza kila kitu ni cha nani, watoto wangu watakula swali?"

Alinifungia maziwa ya siku nne kwenye gazeti. Hakutaka chochote. Nilipokuwa nimembeba tena mtoto, alinishika mkono. "Kijana wa gari akisikia kwamba mmesema, ataacha kushusha kwangu, atashusha kwa yule pale. Maziwa hayatarudi kwenu. Umenielewa? Na jina langu lisitajwe."

Nilipopanda kilima nilimsikia ameanza tena, lakini polepole, bila lile la kikombe kuoga.

Nilimwambia mama yote isipokuwa nani anauza. Jumamosi alasiri, yeye na wanawake wengine watano walikwenda kwa mwenye ploti, nikafuata nyuma. Alitukaribisha barazani, akamwita mkewe alete chai. Ilikuwa chai nyeupe, yenye maziwa mengi. Tuliinywa. Sijui hata leo kwa nini tuliinywa, ila huwezi kukataa chai ya mtu uliyemwendea na shida.

"Mzee," mama alianza, "tumekuja kuuliza chakula cha watoto. Wiki ya kwanza tulipata nusu. Baada ya hapo hatujaona kitu."

"Aa." Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. "Mimi ni mtu wa kitabu, mama. Nisiposema na kitabu, nasema uongo." Akamtuma mkewe akilete, akakifungua mapajani. "Hebu sogea. Hiki ni kidole cha nani?"

Mama akainama. "Changu."

"Na hiki?"

"Changu, mzee. Lakini—"

"Na hiki hapa?"

"Changu."

"Vidole vyote vimekula, ila mdomo ndio haujapata?" Akacheka kidogo, kama anayetania watu wa nyumbani. Mwanamke wa mandazi alifungua kinywa chake, na kwa mara ya kwanza nikaona hakina kitu ndani. "Wa mjini wakija kukagua, wanasoma hiki. Wataona mmekula hata wiki ambazo hazijafika. Mimi niwaambie nini? Niwaambie akina mama wa kanisa langu wameweka alama za uongo?" Kisha akatoa karatasi katikati ya kitabu, akaikunjua. Niliijua kabla haijafunguka. Aliisoma yote, kwa sauti ile ile nzuri aliyoisoma nayo mara ya kwanza, na alipofika neno la mwisho alilitamka akiniangalia mimi.

Tulipokuwa tunashuka ngazi, alimwita mama. "Na chumba? Mabati hayavuji?"

"Hayavuji, mzee."

"Tumshukuru Mungu. Siku hizi watu wanaotaka vyumba ni wengi, hata wananisumbua."

Wiki ya sita walikuja wageni kutoka mjini, mwanamume na mwanamke, katika gari jeupe. Walikuwa wa shirika lililotoa chakula. Siku hiyo stoo ilifunguliwa, na magunia yalikuwepo, yamepangwa hadi dirishani. Tuliambiwa ya wiki zijazo. Akina mama waliimba. Mama alikuwepo, alikuwa ameomba ruhusa. Yule mgeni wa kike alifungua kitabu, akapitisha kidole juu ya vidole vyetu, mstari baada ya mstari, na uso wake ukafurahi, maana kilikuwa kitabu safi. Hakuna nafasi iliyokuwa tupu.

Mwenyekiti akaniita. "Huyu ndiye aliyetufundisha utaratibu. Njoo, usione haya."

Nilisogea, mdogo wangu yuko mgongoni. Mgeni alifunua leso, akamwangalia. Hakuharakisha. Kisha akaniangalia mimi, akauliza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake kilichovunjika:

"Mtoto anakula?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Hapana. Nilikuwa nalo. Nilimtazama mama, naye alikuwa ametazama chini. Nilimtazama mwenyekiti, naye alikuwa akitikisa kichwa polepole kunitia moyo, kama mwalimu mwema. "Sema tu, binti," akasema. "Usiogope."

Nikasema, "Tuliweka vidole."

Mgeni hakuelewa. Akamgeukia karani, na karani akamwambia kwa Kiingereza maneno mengi kuliko yangu, na kati yake nikatambua neno la kushukuru. Mgeni aligusa bega langu. Akamrudishia mtoto leso, akaipanga vizuri ili jua lisimchome. Gari jeupe liliondoka kabla ya saa saba, na stoo ikafungwa saa saba na nusu.

Yale maziwa ya senje yalikuwa yamekwisha zamani. Nilirudi Silanga siku moja, nikakuta amehamishia biashara upande wa pili, na jirani yake hakujua ni wapi, au alisema hajui.

Wiki ya nane mtoto alikataa hata uji. Mama aliacha kibarua siku hiyo, tukaenda kliniki wote watatu. Foleni ilikuwa ndefu, lakini waliokuwa mbele walipomwona walitupisha. Sista alichukua kadi, akaangalia mtoto, akaangalia karatasi iliyotoka kanisani kila mwezi ikionyesha waliopokea.

"Hapa nimeandikiwa umechukua kila wiki. Hakuna uliyokosa."

"Sikuchukua, sista," mama alisema.

"Kidole si chako?"

"Ni changu."

"Ni chako. Basi maziwa ulipeleka wapi?" Sauti yake ilipanda, na si kwa ubaya. Nadhani alikuwa anaumia. "Nilimwambia binti yako, nilimwambia hapa hapa! Mtoto huyu alikuwa amepona! Uliyauza?"

Foleni nzima ilisikia. Mwanamke mmoja nyuma yetu alisema, "Si ndiyo yamejaa huko Silanga," na mwingine akaguna.

Mama alianza kumfunga mtoto tena mgongoni. Mimi nilikuwa na habari yote kichwani, toka mferejini hadi kwenye beseni la senje, nimeipanga sawasawa, na kila sentensi niliyoianza ilikuwa na mtu ndani yake: senje, chumba chetu, barua yangu. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kadi. Sista aliandika karatasi ya kwenda hospitali kuu, akatwambia tukimbie.

Tulikuwa tumefika kituo cha basi. Mama alitaka kumhamishia kifuani ili ampe maji, akafungua leso, ndipo tukaona. Ilikuwa saa sita mchana. Watu walikuwa wakinunua ndizi.

Alizikwa Lang'ata, maana hatukuwa na uwezo wa kumpeleka nyumbani. Mwenye ploti alitoa pikapu yake. Alileta pia nusu gunia la mahindi ya njano na maharagwe kwa ajili ya waombolezaji, akasema ni mchango wa kamati. Wanawake walipika uani. Mimi pia nilikula. Nilikuwa na njaa, na nilikula hadi nikashiba.

Miaka mitatu imepita. Stoo sasa inawekwa viti vya kanisa. Kitabu kilipelekwa mjini kikiwa kimejaa, na nasikia kamati yetu ilisifiwa. Bado tunaishi chumba kile kile. Mwenye ploti akinipita huniita mwandishi wetu. Mwaka jana alinituma nimwandikie barua ya kuomba mfereji wa pili, na niliiandika. Hiyo ndiyo barua ya pili niliyosema. Mama hajawahi kunitajia ile ya kwanza. Anapokwenda kazini huzunguka njia ya chini, ambayo ni ndefu na ya matope, ili asipite mbele ya kliniki, kwa sababu wako wanaomnyoshea kidole na kuwaambia watoto wao: yule ndiye aliyeuza maziwa.

Nimekwenda mara mbili hadi mlango wa ofisi moja mjini, ili nieleze haya. Mara zote mbili askari wa mlangoni aliniuliza, "Unataka nini?" nami nikarudi. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Kama kuna kati yenu aliyewahi kuweka kidole chake mahali, kisha akafaulu kukiondoa, aniandikie. Anieleze alikwenda wapi, na alipoulizwa anataka nini alianza na maneno gani. Sihitaji yote, ni yale ya kwanza tu yanayonishinda. Mkiandika kwa waliochapisha karatasi hizi, barua itanifikia. Nitajibu kila moja, ila mtanivumilia, nitachelewa.